Mtambo Umefungwa, Nani Atauosha?

Kama uko kwenye kamati ya maji, au unaandaa utafiti wa kusafisha maji ya chini ya ardhi, kisa hiki cha West Bengal, India, kinakuhusu. Kinanihusu na mimi, maana haraka iliyowaponza wenzetu kule hata sisi tunayo.

Visima vingi vya pampu katika jimbo hilo vina aseniki, sumu inayotoka kwenye udongo wenyewe. Haina rangi, harufu wala ladha. Wagonjwa wa kwanza walitambuliwa mwaka 1983 na daktari wa ngozi wa Kolkata, K.C. Saha. Mwaka 2001 ukaja mradi wa majaribio: makampuni 11, ya ndani na ya nje, yakafunga mitambo ya kuchuja vijijini ili ijulikane upi unafaa. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Jadavpur wakafuatilia mitambo 18 kwa miaka miwili.

Dalili ya hatari ilijitokeza mapema. Mitambo ilipofungwa mwishoni mwa Agosti, wanakijiji walianza mara moja kunywa na kupikia maji yake. Watafiti walipopima kwa mara ya kwanza katikati ya Septemba, kati ya mitambo 13 iliyopimwa, 10 haikufikia kiwango cha Shirika la Afya Duniani cha mikrogramu 10 kwa lita. Sita ilishindwa hata kiwango cha India cha wakati huo, yaani 50. Majibu yalitoka watu wameshakunywa. Lililoitwa jaribio lilikuwa limeshakuwa huduma, na hakuna aliyewaambia wachotaji wasubiri.

Dalili nyingine ilikuwa ndani ya ndoo. Maji ya visima vile yana madini ya chuma, na yakikaa kidogo hugeuka rangi ya kutu. Mtambo ukipunguza chuma, maji hutoka meupe, na mama anayechota huona kazi imefanyika. Kumbe aseniki inaweza kuwa bado imo. Macho yakishasema ndiyo, nani atauliza habari za maabara?

Halafu mitambo ya kampuni moja ilitofautiana kwa ufanisi. Hilo peke yake lingetosha kuwashtua wapangaji, kwani maji ya kisima hiki si maji ya kile. Tena kichujio huziba. Lazima kioshwe kwa kusukuma maji kinyumenyume, na tope linalotoka limebeba sumu ileile iliyochujwa. Nani aoshe, siku gani, na tope litupwe wapi? Maswali hayo hujibiwa na wanaoishi jirani na pampu, nao wanapaswa kuwapo tangu mradi unapopangwa. Kule West Bengal, miaka miwili ya ufuatiliaji ilipokwisha, hakuna mtambo hata mmoja uliobaki chini ya 10 muda wote, na ni miwili tu iliyobaki chini ya 50.

Tusijidanganye kwamba hayo ni ya India. Arusha na Kilimanjaro tuna floraidi kwenye maji, na vichujio vya mkaa wa mifupa vya kuiondoa huishiwa nguvu kimyakimya huku maji yakibaki na ladha ileile. Asiyepima hatajua.

Basi tunapoketi kupanga, tuwaite wachotaji kabla ya kumwita muuza mtambo. Tukubaliane nani anaosha, nani anapima, fedha za vipimo vya mwaka wa pili zinatoka wapi, na nani ana mamlaka ya kufunga bomba majibu yakiwa mabaya. Bangladesh walipaka visima rangi, nyekundu kwa vyenye sumu na kijani kwa salama, ili hata asiyesoma aelewe. Na sisi tuipake pampu ya majaribio nyekundu tangu siku ya kwanza, ibaki hivyo mpaka maabara iseme vingine.