Ubongo wa Mzee na Mpaka wa Shamba

Katika Milima ya Uluguru, inayousimamia mji wa Morogoro kwa upande wa kusini, mashamba mengi yalikaa miaka na miaka bila ya hati. Ardhi ilikuwa ya ukoo, na ukoo ulihesabiwa kwa mama. Mpaka ulikuwa kijito, jiwe au mti; na mti ulipoanguka, mpaka ulibaki katika kichwa cha mzee. Yeye akisema, wajomba na wapwa walinyamaza. Penye wazee haliharibiki neno: methali hii haikuwa pambo la maneno huko, ilikuwa sheria.

Elimu imeleta habari nzito juu ya ghala hilo. Mwaka 1906 tabibu wa Ujerumani, Alois Alzheimer, alieleza aliyoyaona katika ubongo wa mwanamke aliyekufa baada ya kupotewa na kumbukumbu: uchafu uliogandamana baina ya chembe, na nyuzi zilizosokotana ndani yake. Baadaye ilijulikana kuwa mabadiliko hayo huanza miaka 15, 20 au zaidi kabla ya dalili. Mtu hulima, huuza ndizi, huamua mashauri, na huku ubongo wake umeanza kuliwa kama boriti na mchwa. Shinikizo la damu, kisukari, uziwi na kukosa elimu huzidisha hatari. Wala si maradhi ya Ulaya peke yake. Uchunguzi wa wilaya ya Hai, Kilimanjaro, karibu na mwaka 2010, ulikuta maradhi ya kupotewa na kumbukumbu, ya aina zote kwa jumla, kwa watu kama 6 katika kila 100 wenye miaka 70 na zaidi.

Je, ni haki kumwambia mzee ambaye bado ni mzima kwamba yumo hatarini? Kumficha huonekana huruma. Lakini kumbukumbu yake si mali yake peke yake: akijua mapema, atautembea mpaka pamoja na wapwa zake angali na nguvu. Asipojua, siku moja atanyosha kidole kwenye kijito kisicho chake, aitwe mwongo, au mchawi. Kwa upande wa pili, si kila aliye hatarini huugua. Hata baadhi ya wenye ubongo uliobadilika hufa na akili zao timamu. Neno likitoka mapema, mpwa mwenye tamaa atalishika kama panga, na kweli ya mzee itadharauliwa pamoja na kosa lake. Basi aambiwe yeye, faraghani, na achague mwenyewe saa ya kuujulisha ukoo.

Na neno alilolitoa mwaka mmoja kabla ya dalili, litanguliwe? Hapana, lisimame. Ubongo ulioharibika sehemu haujakoma kujua. Mambo ya ujana huchelewa kutoka, na mpaka alioonyeshwa akiwa kijana huenda akaukumbuka siku ambayo hakumbuki alichokula asubuhi.