Swali la Bibi

Mwaka 1994, nikiwa mkuu wa shule, kijana wa kidato cha tatu alikutwa na barua ya mapenzi aliyomwandikia mvulana mwenzake. Niliisoma mbele ya walimu, nikamwita baba yake, nikamfukuza. Usiku ule nililala vizuri. Nilidhani nimelinda maadili.

Miaka mingi baadaye alinitembelea hapa Kimwani, mtu mzima. "Shikamoo, mwalimu." "Marahaba." Akanieleza, bila hasira, kwamba juma lile alikusudia kufa. Nyumbani hakuna aliyesema naye ila bibi yake, aliyemwuliza waziwazi: "Mjukuu wangu, unafikiria kufa?" Akalia sana. Bibi hakuuliza habari za barua. Alimpikia ndizi, akalala naye chumba kimoja siku saba.

Ndugu msomaji, wengi husema tuamue kwanza kama jambo hili ni dhambi. Nami nauliza: aliyetumbukia kisimani, huulizwa kwanza alikuwa akienda wapi?

Penye utafiti imeonekana kwamba vijana wa namna hii hujaribu kujiua zaidi kuliko wenzao. Sababu si maumbile yao. Ni matusi, kukataliwa na wazazi, na uchovu wa kujificha kila siku, hata kuchunga sauti na mwendo. Aliye na mtu mzima mmoja wa kumpokea, hatari yake hupungua. Wala kumwuliza mtu kuhusu kujiua hakumtii wazo hilo kichwani, humfungulia mlango.

Kwetu mlango huo una makufuli mawili. Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 154, huadhibu tendo hilo kwa kifungo kisichopungua miaka 30, hata cha maisha. Kifungu cha 217 hulifanya jaribio la kujiua kuwa kosa. Kijana ataanzia wapi kusema?

Sisi wa Kagera tulipaswa kujua. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini waligunduliwa mkoani kwetu mwaka 1983. Tuliuita Juliana, tukanong'ona, tukawaficha wagonjwa. Aibu haikumponya hata mmoja.

Nilimwomba kijana yule msamaha, akanipa upesi kuliko nilivyostahili. Nilisomea ualimu chuoni, nikafundisha maisha yangu yote. Bibi yule hakuwa na cheti. Lakini siku ya mtihani, yeye ndiye aliyejua swali.