Kitanda cha Jirani

Katika hospitali nyingi za serikali nchini Kongo, chakula cha mgonjwa hutoka kwa jamaa zake. Hao hupika, huleta sufuria, hulala sakafuni karibu naye. Asiye na jamaa hushinda na njaa, akisikia harufu ya chakula cha wengine. Tena wako waliokwisha pona, wala hawaruhusiwi kutoka, kwa kuwa deni la matibabu halijalipwa.

Mkatekumeni akienda kumtazama mama yake mgonjwa, afanya vema. Hata wasiomjua Mungu hufanya hivyo. Lakini Bwana wetu Yezu Kristu, katika Injili ya Matayo, sura ya 25, ahesabu mwenye njaa, mgeni, mgonjwa na mfungwa kuwa ni Yeye mwenyewe. Pengine hao wanne wamo katika mtu mmoja, alalaye kitanda cha pili.

Kwa hiyo mkatekumeni mwema huongeza kikombe cha unga anapopika. Akifika, hamwulizi jirani kabila lake, wala dini yake, wala ni nani aliyemroga. Humnawisha mikono, humpa bugali na sombe, huketi naye kidogo. Huyo ameanza kuuishi ubatizo anaoungoja.