Kumtuza Mwimbaji: Sadaka au Deni?

Penye arusi huko Temeke, Manzese na Tandale, vijana wa singeli hupiga muziki uchochoroni. Hakuna tikiti; majirani husogea na kumtuza mwimbaji. Desturi hiyo ni ya zamani: imo katika taarabu, na wapenzi wa Mlimani Park, bendi iliyoanza mwaka 1978, waliifuata pia.

Je, tunapotuza twatoa sadaka? La. Sadaka hupewa asiyetudai. Huyu ametutolea jasho, anatudai. Tuliyecheza tukaondoka mikono mifukoni tumekula bila kulipa. Na tukiipunga noti juu ili tuonekane, tumejituza wenyewe. Basi tutoe kwa adabu, kama mtu anayelipa deni lake.