Nikienda, Mtoto Wangu Atabaki na Nani?

Somo la kusoma nyumbani: 1 Samweli 20:14-17, 2 Samweli 9, Wagalatia 6:2-5

Wiki hii sitawapa pointi tatu za mahubiri kama kawaida. Nataka tukae na swali moja, na nawaomba msilikimbie kama nilivyolikimbia mimi.

Mama mmoja wa kanisa letu anaugua saratani ya matiti. Familia imeniruhusu kusimulia bila majina. Wengine wenu mtawatambua, kwa hivyo naomba tusianze kunong'onezana. Ana watoto watatu. Wa katikati, kijana wa miaka tisa, alizaliwa na mtindio wa ubongo. Hatembei, hajilishi, na akitaka kugeuka kitandani lazima mtu amgeuze. Lakini anawajua watu wake, na tukianza pambio huwa anacheka kuliko sisi sote. Kwa miaka hiyo tisa mgongo uliombeba ni wa mama yake.

Habari ya ugonjwa ilipotufikia tulifanya kile tunachojua kufanya. Tuliita harambee, nami nikawa mwenyekiti wa kamati. Watu walitoa, Mungu awabariki. Wengine pesa, wengine debe la ndengu, mzee mmoja akaleta mbuzi akapigwa mnada mara tatu. Kwa muda wa saa nne hivi tulikuwa tumemaliza. Tukaomba, tukapiga picha, tukafunga hesabu. Nilirudi nyumbani nikijisikia nimefanya kazi nzuri.

Wiki tatu baadaye nikapita kwao jioni. Msichana wao mkubwa, aliye Gredi ya 8, alikuwa anamlisha ndugu yake uji kwa kijiko. Nikamuuliza shule ikoje. Akanyamaza. Mama ndiye alijibu. Kila akienda Nairobi kwa matibabu, msichana hubaki nyumbani. Akirudi akiwa hoi, hawezi kumwinua kijana, basi msichana hubaki tena. Baba yuko kwa vibarua kwa sababu bila kibarua hakuna unga. Halafu mama akasema neno ambalo limeninyima usingizi: "Pasta, pesa tuliona, na tunashukuru. Lakini nikienda, huyu mtoto wangu atabaki na nani?"

Nilidhani anasema kwenda Nairobi. Nikaanza kueleza vile tunaweza kutafuta mtu wa kumkalia. Akanitazama tu. Ndipo nikaelewa ni kwenda kupi alikokuwa akisema. Na mimi mtumishi wa Mungu nikafanya nini? Nikamwambia, "Mama, usikiri kifo." Nikaomba kwa sauti kubwa, nikaondoka haraka.

Sasa, kosa langu halikuwa kuomba. Mimi naamini uponyaji, na nimeuona. Lakini angalieni Hezekia katika Isaya 38. Mungu alimwahidi miaka kumi na tano zaidi, na nabii yuleyule aliyeleta neno hilo akaagiza andazi la tini liwekwe juu ya jipu. Ahadi na dawa ziliingia katika nyumba moja na hazikugombana. Kwa hivyo mtu yeyote asije akamwambia mama huyu aache kliniki kwa sababu ameombewa. Na asije mtu akamuuliza ni nani alitenda dhambi hata mtoto akazaliwa hivi. Wanafunzi waliuliza swali hilo katika Yohana 9 na Bwana akalikataa. Mtindio wa ubongo ni ubongo wa mtoto kuumia kabla ya kuzaliwa, wakati wa kuzaliwa au muda mfupi baadaye. Si laana, na hauambukizi.

Kosa langu lilikuwa hili: nilitumia imani kumfunga mama mdomo. Swali lake halikuwa la kukosa imani. Lilikuwa swali la mzazi. Mtu anaweza kuamini kwamba atapona na bado akataka kujua mtoto wake atashikwa na nani. Mzazi wa mtoto mwenye afya akiugua huwaza, angalau watoto watakua. Mzazi huyu anajua kijana wake atafika miaka ishirini akiwa bado anahitaji mtu wa kumgeuza.

Katika Biblia yuko mzazi aliyeuliza swali hilohilo. Ni Yonathani. Katika 1 Samweli 20 anamwomba Daudi kwamba hata yeye akifa, fadhili zisikatwe kutoka nyumba yake. Sasa angalieni jinsi Daudi alivyojibu. Hakumwambia rafiki yake asikiri kifo. Alimwacha aulize, kisha wakafanya agano. Yonathani alikufa vitani Gilboa. Siku hiyo mwanawe Mefiboshethi alikuwa na miaka mitano. Mlezi wake alipokuwa akikimbia naye alimwangusha, naye akawa kiwete miguu yote miwili. Miaka ikapita. Daudi akawa mfalme, na hakuna mtu aliyekuwa hai wa kumkumbusha. Lakini akauliza mwenyewe kama amebaki yeyote wa nyumba ile, ili amtendee wema kwa ajili ya Yonathani.

Tena Daudi hakumwita Mefiboshethi kwa chakula cha siku moja. Alimpa nafasi mezani siku zote, akamrudishia mashamba ya babu yake, akamweka Siba asimamie, pamoja na wana kumi na watano na watumishi ishirini. Hesabu hiyo. Ni watu 36 kwa ajili ya meza ya mtu mmoja mwenye ulemavu. Nilisoma biashara chuoni, na naweza kuwaambia kwamba huo si mchango, ni mpango. Una msimamizi, una wafanyakazi, na mapato yanajulikana yanatoka wapi.

Sasa tulete hesabu hiyo hapa kwetu. Kemo mara nyingi hutolewa kila wiki tatu, na mizunguko sita ni wiki 18, yaani zaidi ya miezi minne. Mionzi ndiyo inasumbua zaidi kwa mtu wa Masinga, kwa sababu mara nyingi huwa ni Jumatatu hadi Ijumaa kwa wiki kadhaa, na huwezi kwenda Hospitali ya Kenyatta ukirudi kila jioni. Kisha mtoto: milo mitatu kwa siku ni milo 1,095 kwa mwaka, na kila mlo ni kijiko kwa kijiko. Harambee yetu ilikuwa ya saa nne. Mahitaji ya mama ni ya miezi, na ya mtoto ni ya maisha. Tulilipia kitu kimoja tukadhani tumelipia vyote.

Sisi tunaoishi karibu na Bwawa la Masinga tunapaswa kulielewa jambo hili haraka. Bwawa lilipokamilika 1981 halikuleta mvua mpya. Kazi yake ni kushika maji ya masika na kuyaachilia polepole, ili mitambo ya Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere izunguke hata wakati wa kiangazi. Harambee ni masika. Upendo wetu huja kama mafuriko ya Tana, halafu mwezi wa pili mtoto amekauka.

Najua kuna mtu anasema, "Pasta, lakini kila nyumba hapa ina shida. Mahindi yamekauka, karo haijalipwa. Tukibeba huyu, kesho tutabeba hamsini." Hilo si neno la roho mbaya. Ni swali la haki, na Wagalatia 6 inalijua. Katika mstari wa pili Paulo anatuambia tubebeane mizigo. Mistari mitatu baadaye anasema kila mmoja atabeba wake. Je, anajipinga? Hapana. Katika Kigiriki ametumia maneno mawili tofauti. La kwanza ni uzito unaomlemea mtu, la pili ni mzigo wa kawaida wa safari. Kwa lugha yetu, kuna gunia na kuna kikapu. Kila mtu abebe kikapu chake. Gunia la kilo tisini halibebwi na mtu mmoja, na kumwachia mtu gunia ukisema kila mtu ana lake si haki, ni kumkimbia.

Lakini kuna kosa la upande wa pili pia, na tumelifanya. Baada ya kujua habari ya yule msichana, akina mama wachache kwa moyo mzuri walimchukua kijana wakakaa naye wiki nzima, ili mama apumzike. Mama akalia. Akasema, "Mmenisaidia mpaka mmeninyang'anya mtoto." Siku akiwa na nguvu anataka kumlisha mwenyewe. Hicho ndicho kikapu chake, na ndicho kinamfanya ajione bado ni mama, si mgonjwa tu. Baba naye yupo, na hakuna mwenye ruhusa ya kupanga mambo ya nyumba yake kana kwamba hayupo. Kwa hivyo kabla ya kusaidia, uliza: gunia ni lipi, na kikapu ni kipi? Wao ndio wanajua.

Kwa kuuliza hivyo tumejua magunia manne. La kwanza, mtu wa kukaa na kijana siku za kliniki ili msichana aende shule. La pili, maji na kuni. La tatu, mtu wa kusindikiza mama Nairobi, kwa sababu baba akienda kibarua kinapotea. La nne, karatasi. Hili la karatasi tusilidharau. Tangu 1 Oktoba 2024 SHA ilipochukua mahali pa NHIF, nyumba isiyo na mshahara hukadiriwa kulingana na mapato, kiwango cha chini kikiwa shilingi 300 kwa mwezi, na hulipwa ya mwaka mzima kwa pamoja. Na kijana anafaa kupimwa katika hospitali ya serikali na kuandikishwa na Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu. Tena kuna Inua Jamii, shilingi 2,000 kwa mwezi kwa nyumba yenye mtu mwenye ulemavu mkali. Mtu aliyetoka kemo hawezi kupanga foleni ofisi hadi ofisi. Lakini wewe kijana mwenye simu na miguu mizuri unaweza kumpangia.

Wazee wetu walikuwa na mwethya. Leo tunachimba matuta kwako, kesho kwangu, na kila mtu anakuja na jembe lake. Ni kitu kizuri, na kimeokoa udongo wa Ukambani. Lakini mwethya unategemea kwamba nawe utakuja kwangu. Je, nyumba ambayo haitaweza kuja? Mama huyu hatalima kwako mwaka huu. Kijana wake hatalima kwako kamwe. Mefiboshethi naye hakuwa na cha kumlipa Daudi. Hapo ndipo agano linapita mwethya. Tunaenda kwa sababu ya ahadi, si kwa sababu ya zamu yetu kurudishiwa. Na kama kanisa haliwezi kwenda mahali pasipo na malipo, basi sisi ni chama kama vyama vingine, tofauti yetu ni kwamba tunaanza kwa maombi.

Neno moja la tahadhari. Siba aliyewekwa kusimamia mali ya Mefiboshethi alikuja kumsingizia mbele ya mfalme, akapewa shamba lake. Kwa hivyo pesa yoyote ya familia hii itakuwa na watu watatu wa kuisimamia, mmoja akiwa ametoka katika familia yenyewe, na hesabu wataiona wao kwanza. Picha hatupigi tena.

Wiki iliyopita nilirudi kwao. Nikasema, "Mama, siku ile uliniuliza swali, nikaliombea badala ya kulijibu. Naomba uniulize tena." Akauliza, mume wake akiwa amekaa hapo. Safari hii sikukimbia. Tulilia, wote watatu. Halafu nikamwambia ukweli: mtoto ana baba na ana ndugu, lakini siwezi kuahidi kwa niaba ya kanisa jambo ambalo kanisa halijakubali. Nikamwambia nitawauliza nyinyi. Sasa nawauliza.

Jumapili hii baada ya ibada ya pili kutakuwa na daftari mlangoni. Si la ahadi za pesa. Ni la siku. Andika siku moja kwa mwezi, au nusu siku, au mtungi wa maji kila Ijumaa. Usiandike usichoweza. Ahadi ndogo inayotimizwa mwaka mzima ni bora kuliko kubwa inayokufa mwezi wa pili. Daftari hilo halitafungwa mama akipona, kwa sababu kijana bado atahitaji kubebwa. Wala halitafungwa Bwana akimchukua. Hapo ndipo tutajua kama tulifanya agano au tulichanga tu.

Tuombe. Baba, mponye mama huyu, tunakuomba bila kuona haya. Mtie nguvu mume wake. Mrudishe yule msichana darasani. Na siku mzazi mwingine kati yetu atakapouliza mtoto wake atabaki na nani, utupe ujasiri wa kukaa chini na kumsikiliza mpaka amalize. Katika jina la Yesu, amina.