Baba Yuko Jela: Tuwaambie Nini Watoto?

"Baba amesafiri." Ndivyo akina mama wengi huwaambia watoto mume anapofungwa. Siwalaumu. Aibu ni mzigo, na mtoto wa miaka sita hajui kutunza siri. Lakini je, ni haki kumficha?

Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2489, inafundisha kwamba hatulazimiki kumfunulia ukweli mtu asiye na haki ya kuujua. Jirani mdaku hana haki hiyo. Mtoto anayo, kwa maana baba ni wake. Sisi hufanya kinyume: mtaa mzima unajua, mtoto peke yake hajui. Kisha anaambiwa na mwenzake shuleni, tena kwa kicheko. Siku hiyo anapoteza wazazi wawili, yule aliyefungwa na yule aliyemdanganya.

Kumwambia si kummwagia yote. Kwa mdogo yatosha: "Baba alifanya kosa, amefungwa, anakupenda, na wewe huna hatia." Hayo ya mwisho usiyaache, mama. Watoto hudhani baba ameondoka kwa sababu ya ukaidi wao. Wengine huanza kukojoa kitandani au kupigana na wenzao. Na kama baba yuko rumande, kesi haijaamuliwa, sema hivyo hivyo. Usimhukumu kabla ya hakimu.

Mke akifungwa je? Sheria ya Kenya humruhusu mama mfungwa kukaa na mtoto wake mchanga gerezani hadi atimize miaka minne. Baadaye mtoto hutolewa nje, na hapo ndipo sisi wanaume huanguka. Kuna anayeleta mwanamke mwingine nyumbani na kumwambia mtoto kwamba mama yake alikufa! Nimewahi kuulizwa, "Katekista, kifungo hakivunji ndoa?" Hakivunji, ndugu yangu. Taabu uliyoitaja mbele ya altare ndiyo hii.

Najua nauli ya kwenda Naivasha au Shimo la Tewa ni ghali kwa nyumba iliyopoteza mtafutaji. Jumuiya ndogo ndogo zetu huchanga haraka kwa mazishi. Zichange pia kwa safari ya mtoto, walau likizo moja kwa mwaka. Asipoweza kwenda, aandike barua. Asiyejua kuandika achore ng'ombe wa nyumbani, na mama aandike chini yake jina la ng'ombe huyo.