Kirukanjia Njiani Kehancha

Kwenye njia za miguu zinazopita kati ya mahindi na tumbaku kuzunguka Kehancha, mpita njia wa alfajiri huweza kumkuta mnyama mdogo wa kijivu, pua imechongoka, amekufa na hajaliwa. Mtoto wa shule humruka akisema ni panya, na mama anayemfuata nyuma na ndoo kichwani husema vivyo hivyo. Kumbe ni kirukanjia, na hana undugu wa karibu na panya. Paka humuua usiku akidhani amepata kitoweo, kisha humsusa kwa harufu kali ya tezi zilizo ubavuni mwake. Mfunue kinywa uone: hana yale meno mapana ya mbele ya kugugunia nafaka, ana safu ya vijino vyenye ncha vya kuvunjia wadudu. Amekufa na jina la mwizi wa ghala, ilhali maisha yake yote alikuwa akila wadudu wa shamba. Ni wangapi miongoni mwetu wanaobeba lawama ya ukoo usio wao, kwa kuwa tu hakuna aliyeinama kuwatazama?

Wako watu walioinama. Jenasi moja tu ya virukanjia, Crocidura, ina spishi zaidi ya 180, na hakuna jenasi nyingine ya mamalia yenye wingi huo. Kirukanjia-fuko wa Aberdare aliandikwa mwaka 1906. Ndugu yake wa Mlima Elgon alingoja hadi 2009. Miaka 103 aliishi kwenye nyasi za mlima ule bila kuwamo katika orodha yoyote, akichimba na kuzaa kama kawaida. Orodha haimpi kiumbe uhai, lakini msitu unapofyekwa, asiye na jina hana wa kumtetea.

Tena kuna heshima katika namna ya kutaja. Mwaka 2000, watafiti William Stanley na Rainer Hutterer walipomwandika kirukanjia wa milima ya Udzungwa, walimpa jina la Mtanzania Philip Kihaule. Mwaka 2015 wakaongezeka wawili waliopewa majina ya Watanzania Maiko Munissi na Simon Mduma. Kwa muda mrefu wenyeji walibeba mitego na kuonyesha njia, halafu jina likaenda kwa bwana wa Ulaya. Haki hii ilichelewa, lakini imefika.

Linalonigusa zaidi ni ujasiri wa kufuta. Sengi, mwenye pua kama mkonga, aliwekwa kundi moja na virukanjia kwa vizazi kadhaa, mpaka vinasaba vikaonyesha kwamba yuko karibu zaidi na tembo. Wataalamu hawakuona aibu, walimhamisha. Kosa la kuwekwa katika kundi lisilo lako, Wakuria wa huku wanalijua kuliko wengi, maana mpaka waliouchora Wajerumani na Waingereza uliwaweka ndugu wa Kehancha, Kenya, na wa Tarime, Tanzania, katika daftari mbili, wakaitwa wageni wao kwa wao. Mchoraji hakuuliza nani kaoa wapi. Je, daftari zetu za leo, za ardhi, za vitambulisho, za misaada, zinaandikwa na mtu aliyeuliza?

Ukimkuta kirukanjia kesho njiani, usimruke. Mgeuze kwa kijiti, mtazame meno, kisha umwambie mtoto aliye nawe jina lake.